Atatoka lini? Siku za kulazwa kwa mgonjwa aliyevimba kibofu cha nyongo

Ndugu anapolazwa, swali linalokuja haraka kuliko yote ni "Atatoka lini?" Lina uzito wake. Kuna watoto walioachwa kwa jirani, genge lililofungwa, mtoto anayenyonya, na nauli ya kupeleka uji asubuhi na chakula jioni. Daktari akijibu "tutaangalia anavyoendelea", unaweza kuhisi amekukwepa.

Mara nyingi hajakukwepa. Kwa ugonjwa wa kuvimba ghafla kwa kibofu cha nyongo, mgonjwa mmoja hukaa hospitali siku mbili na mwingine wiki tatu. Hata hivyo kuna mambo ambayo madaktari huyaangalia siku ya kwanza na ya pili, na yanawaonyesha kwa kiasi kikubwa ni mgonjwa yupi atakayekawia. Ukiyafahamu, utapanga mambo ya nyumbani vizuri zaidi, na utajua ni kuchelewa kupi kunakomwongezea mgonjwa wako siku kitandani.

Kifuko unachokijua tayari

Kama umewahi kuchinja na kuandaa kuku, unakijua kibofu cha nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kwenye ini unachokiondoa kwa uangalifu, maana kikipasuka nyama inakuwa chungu. Cha binadamu kipo chini ya ini, upande wa kulia, kimefichwa na mbavu. Kina urefu wa sentimita 7 hadi 10 na hubeba nyongo ya mililita 30 hadi 50, yaani vijiko viwili vitatu vya mezani. Ini ndilo linalotengeneza nyongo. Kibofu huitunza tu, kisha huiminya kwenda kwenye utumbo mdogo tunapokula chakula chenye mafuta.

Wakati mwingine nyongo huganda na kuwa vijiwe. Watu wengi wana vijiwe na hawajui, na kijiwe kisicholeta shida kwa kawaida huachwa. Shida huanza kijiwe kinaponasa kwenye mlango wa kibofu. Kikinasa na kuachia, mgonjwa hupata maumivu makali ya saa chache, mara nyingi usiku baada ya chipsi, nyama ya mafuta au mchuzi mzito wa nazi, kisha yanapoa. Kikinasa kisiachie, nyongo inazuiwa ndani, kuta za kibofu zinavimba, na bakteria wanaweza kuingia. Hapo ndipo tunaposema kibofu kimevimba ghafla. Katika wagonjwa 10 wa hali hii, zaidi ya 9 chanzo chao ni vijiwe.

Wanawake hupata vijiwe kuliko wanaume, na ujauzito huongeza hatari: homoni za mimba hufanya kibofu kiwe kizito kujiminya, na nyongo iliyotuama huganda. Watu wenye selimundu nao wako kwenye hatari kubwa, hata wakiwa watoto, kwa sababu chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka na mabaki yake hutengeneza vijiwe vyeusi.

Dalili, na kosa linalojirudia

Maumivu hukaa upande wa kulia wa tumbo la juu au kwenye chembe ya moyo. Yanaweza kwenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Tofauti na yale ya kupita, haya yanazidi saa 6 bila kuachia, na yanafuatana na homa, kichefuchefu na kutapika. Daktari akikandamiza chini ya mbavu za kulia na kumwambia mgonjwa avute pumzi ndefu, mgonjwa hukatiza pumzi njiani kwa maumivu. Alama hii inaitwa ya Murphy, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Chicago. Kipimo cha altrasaundi ndicho kinachothibitisha: kinaonyesha vijiwe, ukuta wa kibofu ulionenepa, na wakati mwingine maji kukizunguka.

Kosa linalojirudia ni kudhani ni vidonda vya tumbo. Mama ananunua dawa ya vidonda dukani, anakunywa maziwa, anasubiri. Maumivu yakipungua kidogo anajipa moyo, yakirudi anaongeza dozi. Anapofika hospitali, ni siku ya nne. Wengine hushauriwa kunywa mafuta ya zeituni na limau ili "kutoa mawe", na kweli hutoa vidonge vya kijani chooni. Vidonge vile vilipochunguzwa maabara, vilikutwa ni mafuta yaliyogandamana kama sabuni ndani ya utumbo. Kijiwe kiko palepale, na mafuta yale yamekifanya kibofu kilichovimba kijiminye zaidi.

Siku hizo nne zina gharama, kama utakavyoona.

Mambo yanayotabiri siku za kulazwa

Madaktari katika nchi nyingi hutumia Miongozo ya Tokyo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007 na kuboreshwa mwaka 2013 na 2018. Inaugawa ugonjwa huu katika ngazi tatu, na ngazi hiyo ndiyo inayotoa picha ya kwanza ya muda wa kulazwa.

Ngazi ya kwanza ni nyepesi: kibofu kimevimba lakini mwili wote unafanya kazi sawasawa. Mgonjwa wa namna hii, akifanyiwa upasuaji mapema kwa matundu madogo, mara nyingi huruhusiwa ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya upasuaji.

Ngazi ya pili ina mojawapo ya dalili hizi: chembe nyeupe za damu zimepita 18,000 kwenye kipimo cha damu (kawaida ya mtu mzima haizidi takriban 11,000), kuna uvimbe unaoshikika na kuuma chini ya mbavu, kuna usaha au sehemu ya kibofu imeoza, au mgonjwa ameumwa zaidi ya saa 72. Hebu rudia hilo la mwisho. Saa 72 za kusubiri nyumbani zinatosha peke yake kumpandisha mgonjwa ngazi. Kadiri kibofu kinavyokaa kimevimba ndivyo kinavyogandamana na viungo vya jirani, upasuaji unakuwa mgumu na wa muda mrefu, na uwezekano wa kulazimika kufungua tumbo badala ya kutumia matundu unaongezeka. Aliyefunguliwa tumbo hukaa wodini siku zaidi ya aliyetobolewa matundu.

Ngazi ya tatu ni ya hatari. Sumu ya maambukizi imefika kwenye viungo vingine: presha imeshuka hadi inahitaji dawa ya kuipandisha, mgonjwa amechanganyikiwa, anapumua kwa shida, mkojo umepungua, au damu haigandi vizuri. Hapa hakuna anayeweza kukuambia siku kwa uhakika. Mgonjwa anaweza kuhitaji chumba cha uangalizi maalumu, na kukaa kwake kuhesabiwe kwa wiki.

Nje ya ngazi hizo kuna mambo mengine. Umri ni mmoja. Bibi wa miaka 75 anaweza asiwe na homa kabisa, akawa hataki kula na amelegea tu, kumbe kibofu kimeshaoza. Kisukari, ugonjwa wa moyo na wa figo huongeza siku, kwa sababu lazima sukari na presha zitulizwe kwanza, na kwa sababu vidonda hupona polepole. Ukimpeleka mgonjwa mwenye kisukari, sema mapema, na beba dawa zake zote hata kama ni mfuko mzima.

Lingine ni kijiwe kilichotoka kwenye kibofu na kunasa kwenye mrija mkuu wa nyongo. Dalili yake ni macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na choo cheupe kama udongo. (Njano hii haihusiani na homa ya manjano inayoenezwa na mbu.) Kijiwe cha aina hiyo kinahitaji kutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na huduma hiyo hapa kwetu ipo hospitali chache kubwa. Kwa hiyo rufaa yenyewe, na kusubiri nafasi huko, huongeza siku. Kijiwe hicho kikiziba njia ya kongosho, kongosho nalo huvimba, na hesabu yote inaanza upya.

Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa CRP, kinachoonyesha ukali wa uvimbe mwilini. Kikiwa juu sana siku ya kwanza, madaktari hutarajia kibofu kibaya zaidi. Ukiona wanakirudia baada ya siku mbili tatu, wanataka kujua kama kinashuka.

Wastani unavyoweza kukudanganya

Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu kuchukua mambo haya yote, umri, chembe nyeupe, CRP, magonjwa mengine, na kuyaingiza kwenye kanuni za hesabu na programu za kompyuta ili kutabiri siku za kulazwa. Kazi hiyo ina faida, hasa kwa hospitali kupanga vitanda. Kwako wewe mlezi, uwe makini na namba ya wastani.

Chukua wagonjwa 10. Tisa wanakaa siku 3 kila mmoja. Mmoja anapata usaha tumboni na kukaa siku 23. Jumla ni siku 50, wastani siku 5. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa siku 5. Ukiambiwa "wastani ni siku tano", uliza swali la pili: je, mgonjwa wangu anafanana na wale tisa au na yule mmoja? Daktari aliyeona vipimo vya siku ya kwanza anaweza kukujibu hilo vizuri kuliko anavyoweza kukupa tarehe.

Kanuni hizo pia hubeba mazingira ya mahali zilipotengenezwa. Hospitali yenye vyumba vya upasuaji sita na vifaa vya matundu haiwezi kulinganishwa na ile yenye chumba kimoja. Kwenye chumba kimoja, mama mwenye uchungu uliokwama atatangulia kuingia kwa upasuaji wa dharura, na ni haki yake. Mgonjwa wako atasubiri. Siku hiyo ya kusubiri haisababishwi na ugonjwa, lakini inahesabika kwenye bili na kwenye nauli.

Upasuaji wa mapema au wa baadaye?

Kwa muda mrefu desturi ilikuwa "kupoza" kwanza: mgonjwa alazwe, apewe dripu na antibayotiki, aende nyumbani, kisha arudi baada ya wiki kadhaa kuondolewa kibofu. Bado hospitali nyingi hufanya hivyo, wakati mwingine kwa sababu nzuri: mgonjwa hawezi kustahimili dawa ya usingizi, au daktari bingwa wa upasuaji hayupo.

Lakini mahali ambapo upasuaji wa mapema unawezekana, ushahidi uko wazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na ulioongozwa na madaktari wa Ujerumani, wagonjwa 618 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji ndani ya saa 24 baada ya kulazwa. La pili lilipewa antibayotiki kwanza na kufanyiwa upasuaji kati ya siku ya 7 na ya 45. Waliofanyiwa mapema walikaa hospitali wastani wa siku 5.4, wa baadaye siku 10.0. Matatizo ya kiafya yaliwapata asilimia 11.8 ya kundi la kwanza na asilimia 34.4 ya kundi la pili.

Kwa wagonjwa dhaifu zaidi, njia nyingine ni kuweka mrija mdogo kupitia ngozi ili kutoa nyongo na usaha bila kuondoa kibofu. Inaonekana ya upole. Hata hivyo utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 142 wa hatari kubwa, ulikuta matatizo makubwa kwa asilimia 12 ya waliofanyiwa upasuaji na asilimia 65 ya waliowekewa mrija. Siku za kulazwa zilikuwa 5 kwa 9. Kwa baadhi ya wagonjwa mrija bado ndiyo njia pekee, na akipewa huo, jua kwamba anaweza kurudi nao nyumbani kwa wiki kadhaa. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuusafisha kabla hamjaondoka, naye akuangalie ukifanya mwenyewe.

Ndugu wengi huogopa upasuaji kwa kudhani mtu hawezi kuishi bila kibofu cha nyongo. Anaishi vizuri. Kibofu kiliondolewa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na tangu hapo mamilioni ya watu wameendelea na maisha yao bila hicho. Ini linaendelea kutengeneza nyongo na kuimwaga moja kwa moja kwenye utumbo. Baadhi hupata choo laini kwa wiki chache, basi.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mwenye selimundu

Mama mjamzito asiambiwe tu "vumilia mpaka ujifungue". Upasuaji wa matundu unaweza kufanyika wakati wa ujauzito inapobidi, na kuacha maambukizi yaendelee kuna hatari kwake na kwa mtoto tumboni. Atakaa siku kadhaa zaidi kwa sababu timu ya uzazi nayo itataka kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto na kuhakikisha uchungu hauanzi.

Mama anayenyonyesha aseme hivyo tangu mapokezi. Kwa kawaida anaweza kunyonyesha akishazinduka kabisa na kuweza kumshika mtoto mwenyewe. Kabla ya hapo, akamue maziwa ili yasikauke wala matiti yasijae na kuuma. Dawa za maumivu ziangaliwe: paracetamol na ibuprofen hutumika, lakini codeine na tramadol zinaweza kupita kwenye maziwa na kumlegeza mtoto hata pumzi yake. Akiandikiwa mojawapo, mkumbushe daktari kwamba kuna mtoto anayenyonya.

Kwa mtoto mwenye selimundu, hatari ya kwanza ni kuchanganya. Kila maumivu huitwa "krisisi". Maumivu ya upande wa kulia wa tumbo yenye homa, na macho yaliyozidi njano yake ya kawaida, yanahitaji altrasaundi. Akihitaji upasuaji, mara nyingi huongezewa damu kabla, hupewa maji ya dripu ya kutosha, na hufuatiliwa kifua kwa karibu baada ya hapo, kwa sababu watoto hawa wanaweza kupata shida kubwa ya mapafu siku chache baada ya dawa ya usingizi. Kwa hiyo mtoto wa kitanda cha jirani, asiye na selimundu, anaweza kuruhusiwa kesho na wako akabaki. Usimwombee ruhusa mapema kwa sababu anaonekana anacheza. Na uliza mapema kuhusu damu ya kuongezewa, kwani kutafuta ndugu wa kuchangia nako kunaweza kuchukua siku.

Zungumza na daktari

Asubuhi ya siku ya pili, vipimo vingi vikiwa vimerudi, ndiyo wakati mzuri wa kuuliza. Uliza ugonjwa uko ngazi gani. Uliza kama kibofu kitaondolewa safari hii au baadaye, na kama ni safari hii, kwa matundu au kwa kufungua tumbo. Uliza kama kuna dalili ya kijiwe kwenye mrija mkuu. Halafu uliza: "Nini lazima kitokee ndipo aruhusiwe?" Swali hili lina majibu yanayoeleweka: homa imekata kwa siku nzima, anakula bila kutapika, maumivu yanatulizwa na vidonge, amekwenda haja ndogo na kupumua gesi, na vipimo vya damu vinashuka. Wewe mwenyewe unaweza kuyahesabu kila siku.

Kama amepewa antibayotiki bila upasuaji, tarajieni nafuu ndani ya siku 2 hadi 3. Homa na maumivu yakibaki vilevile siku ya tatu, uliza mpango wa pili ni upi. Usingoje mpaka siku ya sita kwa kuona haya.

Swali jingine la halali ni kama sindano za antibayotiki zinahitajika kuendelea baada ya upasuaji. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 414 wa ngazi ya kwanza na ya pili, ulikuta maambukizi baada ya upasuaji kwa asilimia 17 ya wasioendelea na dawa na asilimia 15 ya walioendelea nazo siku tano, tofauti ndogo isiyo na uzito. Kwa hiyo mgonjwa mwepesi huenda asihitaji kubaki wodini kwa ajili ya sindano tu. Lakini uamuzi ni wa daktari aliyeona kibofu chenyewe. Usizisimamishe wewe.

Nyumbani, maumivu ya bega kwa siku moja hadi tatu baada ya upasuaji wa matundu ni ya kawaida. Yanatokana na gesi iliyotumika kujaza tumbo. Yasiyo ya kawaida ni homa, macho ya njano, tumbo linalozidi kuuma au kujaa badala ya kupoa, kutapika mfululizo, na majimaji ya kijani au usaha kwenye kidonda. Ukiona hata moja, mrudishe siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Nyongo inayovuja ndani mara nyingi hujionyesha ndani ya wiki ya kwanza.

Na kama ameruhusiwa akiwa bado na kibofu chake, msiondoke wodini bila tarehe ya upasuaji iliyoandikwa, jina la kliniki ya kurudi, na nakala ya majibu ya altrasaundi. Wengine huvimba tena kabla tarehe haijafika. Ikitokea, karatasi hizo zitamwepushia daktari wa zamu kuanza upya, na mgonjwa wako hatalala siku nzima akisubiri kipimo ambacho mlishakilipia.